Hasira Zisizo Zako

Asubuhi ile stendi ya mabasi Dodoma ilikuwa imefurika watu na vumbi, na Debora alikuwa ameshatukanwa na abiria wawili kabla chai yake haijapoa. Alikaa kwenye dawati la malalamiko katika ofisi ya kampuni moja ya mabasi. Aliyepoteza begi, aliyeachwa na basi, aliyekalishwa kwenye siti iliyovunjika, wote waliletwa kwake. Alivaa blauzi nyeupe ya sare na kitambaa cha kijani shingoni, nywele amezibana nyuma, na tabasamu ambalo wenzake walisema halitoki hata kwa msasa.

"Pole sana, ndugu yangu. Nalishughulikia sasa hivi," alimjibu kila mtu, hata aliyemwita mwizi.

Akaja kijana mrefu, shati la drafti limefifia kwa jua, viatu vimejaa udongo mwekundu.

"Mbukwa," alisalimia kwa Kigogo. "Nimepotelewa na watoto wangu."

Debora aliinuka kitini. "Watoto? Wangapi?"

"Furushi zima. Vipando vya mizabibu, nimevifunga kwenye gunia bichi. Mimi nimeshuka hapa, wao wamebaki kwenye buti, basi limeenda nao Singida."

Debora aliketi tena, akijizuia kucheka. "Pole sana, ndugu yangu. Nalishughulikia..."

"Na wewe pole. Leo umetukanwa na wangapi?"

Swali hilo hakuwahi kuulizwa na mtu yeyote upande ule wa dawati. Alimtazama kijana, akasahau kutabasamu. Kisha akampigia dereva, akambana mpaka akakubali kulimwagia gunia maji na kulirudisha kesho yake. Kijana, jina lake Luka, mkulima wa Chamwino, aliondoka na namba ya simu ya Debora. Alidai ni kwa ajili ya kumpa taarifa za watoto.

Na taarifa kweli zilikuja.

"Watoto wanakusalimia," Luka alikuwa akisema kwenye simu.

"Wamekula?"

"Wamekunywa maji. Wanamuulizia mama yao."

"We Luka, mimi nimekuwa mama lini?"

"Tangu ulipowarudisha kutoka Singida. Mimi nafikisha salamu tu, mrembo."

Mvua za misimu miwili zikapita, na kufikia Agosti mahari ilikuwa imepokelewa na matangazo ya ndoa yao yameshasomwa kanisani Jumapili mbili. Likabaki la tatu. Likishasomwa hilo, na asitokee mwenye kizuizi, wangefunga ndoa.

Ila jioni zilikuwa na shida yake. Debora alitabasamu kutwa nzima, na kila tusi alilolimeza lilirudi naye nyumbani. Simu ya kwanza kuita ilikuwa ya Luka.

"Umeshindaje, mpenzi?"

"Nimeshindaje vipi? Wewe hujui mtu anachoka?"

"Sawa."

Hiyo "sawa" ndiyo ilimchoma zaidi. Angepata wa kujibizana naye, labda hasira zingeisha. Luka alikuwa akisema sawa, anakata simu, kesho yake anapiga tena kana kwamba hakuna lililotokea. Debora akaizoea hali hiyo, na hapo ndipo alipokosea.

Ijumaa moja mama mmoja aliyepoteza sanduku alimrushia tiketi usoni. "Hukulelewa wewe," alimwambia. "Aliyekuzaa angekufunza adabu." Debora aliiokota tiketi, na sauti yake haikutikisika. "Pole sana, mama yangu. Karibu ukae, nalishughulikia."

Wakati huohuo Luka akaingia, amevaa shati lake la kanisani, mkononi ana kikapu kidogo kilichofunikwa kitambaa. Uso wake wote ulikuwa unacheka.

"Debora, wale watoto wa Singida..."

"Luka, huna macho? Huoni nina watu? Kila siku wewe na habari zako za shamba, mtu hapumui. Hebu niondokee hapa."

Foleni nzima iligeuka. Luka alimtazama yule mama aliyekaribishwa kiti, akamtazama na Debora.

"Natamani ningekuwa mteja wako," alisema kwa sauti ya chini. Akatoka na kikapu chake.

Jioni Debora alipiga simu mara nyingi, haikupokelewa. Baadaye ikaingia meseji: "Nimemwomba mchungaji asisome tangazo la tatu Jumapili hii. Nikiongea sasa nitasema mabaya. Ubaki na amani."

Debora aliangua kilio. Aliogopa, aliona aibu, na katikati ya yote hayo alikuwa na hasira. Angelina, mkata tiketi wa kampuni ileile aliyepanga naye chumba Ihumwa, alikaa pembeni yake kitandani.

"Kambembeleze, shoga yangu. Mwambie hutakasirika tena."

"Nitakuwa namdanganya. Jumatatu nitatukanwa tena, na nitakasirika tena."

"Sasa utamwambia nini?"

Debora alijifuta machozi kwa ncha ya khanga. Alimkumbuka yule mama, tiketi ikimgonga pua. Hasira zile zilikuwa na mwenyewe, naye mwenyewe alipewa kiti.

"Nitamwambia ukweli," alisema. "Kesho naomba ruhusa. Naenda."

Jumamosi akavaa gauni la kitenge cha bluu na raba, akapanda bodaboda mpaka Chamwino. Upepo wa Agosti ulimjaza mchanga mdomoni. Alimkuta Luka peke yake katikati ya mistari ya mizabibu, ana makasi ya kupogolea mkononi, akikaza waya uliolegea.

"Sijaja kukuahidi kwamba sitakasirika tena," Debora alisema kabla hata ya salamu. "Ila zile hasira za jana hazikuwa zako. Zilikuwa za yule mama. Nilizimeza, halafu nikakutapikia wewe, kwa sababu wewe ndiye usiyenikimbia. Nimekosa, Luka. Nisamehe."

"Sawa."

"Na hizi nilizonazo sasa ni zako." Luka akainua uso. "Umemwendea mchungaji kabla hujaja kwangu. Mama yangu ameshaalika ndugu, halafu mimi natumiwa meseji. Hizo ni zako, na usiniambie sawa."

Luka aliweka makasi chini.

"Si sawa," alisema. "Haijawahi kuwa sawa. Nikisema sawa huwa nimeumia, ila naogopa kufungua mdomo. Baba yangu alikuwa akifungua mdomo, nyumba nzima tunalala nje. Jana nimeamka alfajiri, nikachuma kichala cha kwanza cha ile mizabibu. Sikuonja hata punje. Nilitaka aonje kwanza aliyeirudisha. Ukanifukuza mbele ya watu kama kibaka, Debora."

Debora alihisi joto likimpanda, na maneno ya kujitetea yamejaa mdomoni: foleni, tiketi, uchovu. Alishika nguzo ya mzabibu, akapumua, akayaacha yapite. Kwa abiria aliweza hivyo kila siku. Kwa Luka ilikuwa mara ya kwanza.

"Pole," alisema, na safari hii hakutabasamu. "Umesema yote?"

"Bado. Ile ya mchungaji nilikosea. Ningekuja kwako kwanza. Nisamehe na mimi."

Debora akageuka kutafuta kikapu.

"Kichala kiko wapi?" Debora aliuliza.

"Nilikila chote njiani kwa hasira."

"Kilikuwa kitamu?"

"Sijui. Sikusikia ladha."

Debora alianza kucheka huku machozi yanamtoka, na Luka akashindwa kujizuia.

"Basi niletee ile habari tena," Debora alisema. "Ianze upya. Mimi niko dawatini, wewe unaingia."

"Acha utoto."

"Luka, nakuomba. Niliikanyaga, nataka niisikie."

Luka akaenda mpaka mwisho wa mstari, akakata kichala kingine, akarudi akikunja kola ya shati.

"Mbukwa, dada. Wale watoto wa Singida wamezaa."

Debora alimrukia shingoni mpaka punje zikapondeka kati ya kitenge na shati. Zilizobaki walilishana. Zilikuwa na ukali kidogo mwanzoni, kisha tamu sana.

Kisha Luka akampigia mchungaji. "Shikamoo, baba mchungaji. Lile tangazo, naomba lisomwe kesho."

"Mmeelewana?"

"Tumegombana vizuri."

Jumapili majina yao yakasomwa kwa mara ya tatu. Mchungaji akauliza kama yupo mwenye kizuizi asimame, akangoja, na kanisa zima likatulia. Hakusimama mtu.

"Na wewe?" Luka alimnong'oneza. "Huna malalamiko?"

"Ninayo. Umenikanyagia gauni."

"Hasira zangu hizo?"

"Zako."

Luka akasogeza mguu.