Makinda Juani

Kila Jumamosi asubuhi Chiriku alifagia studio ya mjomba wake, mpiga picha za pasipoti. Jina hilo alipewa nyumbani kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika.

"Nyamaza kidogo, mama," mjomba alimtania. "Hata ufagio umechoka kukusikiliza."

Siku hiyo Chiriku alikuwa na sababu. Mchana, marafiki wa mjomba wanaopenda kupiga picha za ndege, wakiwemo fundi baiskeli na nesi, wangekuja kushindanisha picha zao. Picha bora ingetundikwa dirishani mwaka mzima. Kwa mara ya kwanza naye aliruhusiwa kushiriki, kwa kamera kuukuu ya mjomba. Alikuwa ameipiga picha yake alfajiri, kwenye ua wa michongoma nyuma ya studio.

Wageni walipofika, picha zilioneshwa kwenye kompyuta. Ya fundi baiskeli ilikuwa na mkia tu.

"Mwenye mkia kaenda wapi?" nesi alimcheka.

"Alikuwa na haraka kama wateja wangu!"

Kisha ikaja ya Chiriku: makinda watatu wa shorewanda, midomo wazi, kila unyoya ukionekana.

"Hiyo ndiyo ya dirishani," fundi alisema.

Nesi alisogea karibu. "Shorewanda huficha kiota ndani ya majani. Hapa majani yako wapi, mwanangu?"

Chiriku alitazama dirishani. Alikuwa amevuta matawi pembeni na kuyafunga kwa uzi ili kiota kionekane vizuri. Kwa furaha ya picha, alisahau kuyafungua. Angeweza kusema ndivyo alivyokikuta, na dirisha lingekuwa lake. Lakini nje jua lilikuwa kali.

"Niliyafunga, shangazi," alisema, machozi yakimlengalenga. "Bado yamefungwa. Wako juani tangu asubuhi!"

Wote walitoka mbio. Makinda walikuwa wamelala, shingo zimelegea. Chiriku alifungua uzi, na majani yakarudi kukifunika kiota. Mjomba akawavuta wote mbali, hadi ukutani. Wakasubiri. Fundi alipotaka kupiga chafya, alijiziba pua kwa mikono miwili.

Mwishowe mama shorewanda akatua, mdudu mdomoni. Akaangaza huku na huku, akazama ndani ya majani. Sauti nyembamba zikaanza kulia njaa. Hakuna aliyeinua kamera.

Picha iliyotundikwa ilikuwa ya nesi.

"Umeumia?" mjomba alimuuliza Chiriku waliposalia wawili.

"Kidogo."

Mjomba alimshika bega. "Mpiga picha mwema humwacha ndege kama alivyomkuta. Hilo ulilisahau, na yeyote anaweza kusahau. Lakini ukikosea, sema mapema, hata kama kusema kutakunyima kitu unachokitamani. Leo ulisema, mwanangu, ndiyo maana wale wadogo wanakula."