Miwani ya Kahawia

"Leo ndiyo mara yangu ya mwisho hapa," fundi miwani alisema, akilifunga sanduku lake kwa kishindo ambacho sanduku halikustahili. "Nimeomba uhamisho."

Mwalimu wa darasa la sita aliacha kufuta ubao.

"Unatania."

"Sitanii."

"Na watoto wangu je?"

"Serikali italeta fundi mwingine. Mpango haufi kwa kuondoka mtu mmoja."

Mpango wenyewe ulikuwa wa kupima macho ya wanafunzi wa shule za umma na kuwapa miwani ya bure wale ambao wazazi wao hawana uwezo. Kila Alhamisi fundi alikuja shuleni hapo, na mwalimu ndiye aliyewapanga watoto foleni. Kazi yake fundi aliipenda kwa mkataba. Mwalimu naye, fundi alimpenda bila mkataba, jambo ambalo kisheria ni la hatari zaidi.

"Nimekukosea nini?" mwalimu aliuliza.

"Wiki iliyopita nilikupungia mkono getini. Ulinitazama, ukageuka. Jumapili sokoni, vilevile, ukiwa na mama yako. Humu darasani tunacheka, chai unanimiminia wewe mwenyewe. Mbele za watu hunijui."

"Sokoni? Mimi?"

"Nina baka, Mwalimu, si upofu." Aligusa shavu lake la kushoto, lenye alama nyekundu aliyozaliwa nayo. "Nawajua wanaonichekea ndani wakanikana nje."

"Haki ya Mungu sikukuona!"

"Nilikuwa ng'ambo ya barabara tu!"

"Sikukuona, Fundi."

"Basi simama pale kwenye mstari nikupime."

Mwanamume mwenye akili timamu akigombana na ampendaye huomba radhi, hata kama hajui kosa. Fundi yeye alitoa ubao wa kupimia macho. Ubao huo una herufi E tupu, kubwa juu, zikipungua mpaka za mwisho zinakuwa kama sisimizi, na anayepimwa hutaja kila herufi imeelekeza miguu wapi.

"Mstari wa mwisho," fundi aliamuru.

"Juu, kulia, kulia, chini, kushoto, juu," mwalimu alijibu bila kuvuta pumzi.

Moyo wa fundi ulivunjika. Kumbe anaona! Kisha moyo huo huo uliovunjika ukashtuka: mstari ule, kutoka pale, hata yeye mwenyewe hauoni.

Madirishani palisikika kicheko. Darasa la sita, ambalo kwa mujibu wa ratiba lilikuwa likifagia uwanja, lilikuwa pale likilinda maslahi ya taifa. Mwalimu aligeuka kulifukuza, na fundi akaugeuza ubao upande wa pili, wenye mpangilio mwingine, kama afanyavyo kwa watoto wajanja.

"Rudia huo mstari."

"Juu, kulia, kulia, chini, kushoto, juu."

Hapakuwa na hata moja ya kweli. Fundi aliweka ubao chini, akamsogelea, akashusha sauti ili madirisha yasisikie.

"Umeukariri."

Mwalimu alitazama viatu vyake.

"Nimesimama na watoto mbele ya ubao huo tangu mpango uanze. Hata usingizini naujua."

"Kwa nini hukuniambia? Si ndiyo kazi yangu?"

"Nina watoto sabini, Fundi. Wakijua sivioni viti vya nyuma, nimekwisha! Kule nyuma natawala kwa kubahatisha. Nikisikia kicheko nataja jina lolote, na mara nyingi mwenye jina huwa na hatia kweli."

"Na pale getini?"

"Getini kwangu watu wote ni nguo zinazotembea. Nikichekea kila nguo, si nitaolewa na kamba ya kuanikia?"

Fundi alikuwa ameapa kutocheka siku hiyo. Alicheka.

Jioni alimwandikia: "Njoo dukani kwangu Jumamosi. Miwani ya serikali ni ya watoto, yako nitaitengeneza mwenyewe."

Jibu likaja: "Nitakuja. Ukinipungia mkono, piga na kelele."

Jumamosi, baada ya kumpima, fundi alimpangia fremu zake nzuri zote: za dhahabu, nyeusi, zenye pembe kama mabawa. Mwalimu alizisukuma kando.

"Nataka ya kahawia. Kama za watoto."

"Zile za msaada? Nzito zile, na zote sura moja!"

"Kwa sababu hiyo hiyo. Yule binti wa dawati la mbele, anayelelewa na bibi yake, miwani anaificha mkobani. Wenzake wanamwita 'wa msaada'. Nimembembeleza, wenzake nimewafokea, wapi! Nikiivaa mimi, nione nani atamwita nani."

Fundi aligeukia mashine yake ya kukatia vioo, akakaa nayo muda mrefu kuliko vioo vilivyohitaji. Miwani ilikuwa tayari, ila mikono ilikuwa nzito.

"Kabla hujaivaa," alisema hatimaye, "kuna hili baka. Ukiliona vizuri, usijilazimishe."

Mwalimu alicheka mpaka akashika meza.

"Fundi, mimi sioni vya mbali. Vya karibu naona mpaka vinyweleo. Wewe ni mtaalamu, au cheti uliokota?"

Fundi alijigonga paji la uso. Lilikuwa somo la kwanza kabisa chuoni, na woga ulikuwa umelifuta lote.

"Kwa hiyo ulikuwa ukiliona siku zote..."

"Linaanzia hapa," mwalimu alisema, akiweka kidole karibu na sikio la fundi. "Linashuka hivi, linakomea kidevuni. Ukiona haya linakolea. Kama sasa."

"Na halikukuchukiza?"

"Nililizoea kabla sijakuzoea wewe. Na nikakuzoea haraka. Haya, nivalishe. Ukishanivalisha, nenda kule ng'ambo ya barabara."

Fundi alivuka, akasimama kati ya wapita njia.

"Umeniona?" alipaza sauti.

"Nimekuona! Rudi, huko mbali hakukufai!"

Jumatatu, utawala wa viti vya nyuma ulianguka.

"Wewe, shusha mguu dirishani. Wewe, tema hicho unachotafuna. Na wewe unayenichora, pua yangu si ndefu hivyo."

Darasa lilikaa kimya kama limefiwa. Binti wa dawati la mbele aliitazama miwani ya mwalimu wake, akafungua mkoba taratibu, akavaa yake. Hakuna aliyemwita chochote. Mwalimu hakusema neno, aligeuka tu kuandika tarehe, na akaiandika vibaya mara mbili.

Saa ya mapumziko fundi alikuja, kama alivyoagizwa kwa simu. Mwalimu alimwona tangu getini. Aliukata uwanja mbele ya shule nzima, mkuu wa shule akiwemo, akamshika mkono. Darasa la sita lilipiga kelele za ushindi wa fainali.

"Sasa mwandikie bosi wako," mwalimu alisema.

Fundi aliandika: "Naomba kufuta ombi langu la uhamisho."

"Sababu?" bosi aliuliza papo hapo.

Fundi aliandika, akafuta. Mwalimu alimnyang'anya simu: "Sababu ni mimi, mwalimu wa darasa la sita. Analeta posa Jumapili."

"Posa?" Fundi alikodoa macho. "Mbona sijasema chochote?"

"Sema basi. Mama nimeshamwambia."

"Nakupenda," fundi alisema. "Jumapili ni mbali."

Simu ikalia, ujumbe wa bosi: "Uhamisho nimeufuta. Mama mkwe usimcheleweshe kama unavyonichelewesha na ripoti zako."