Gazeti la Viraka

Jumamosi ni siku ya soko Lyulilo, kando ya ziwa. Mitumbwi hufika asubuhi kutoka Ikombe ikiwa imejaa vyungu. Wanawake hushusha vyungu hivyo kimoja kimoja. "Pokea! Shika chini! Usiachie!" Watu wa Busale na Ndandalo huja na mchele na ndizi. Hurudi makwao na samaki.

Mbele ya soko palikuwa na duka la nguo la Said. Kwenye baraza la duka alikaa mkewe, Hanifa, na cherehani yake. Zamani Hanifa alishona magauni tangu asubuhi hadi jioni. Lakini mwaka huo, 1994, mitumba ilikuwa imejaa kila mahali. Watu walinunua magauni yaliyokwisha kushonwa. Hanifa akabaki na nafasi nyingi, na magunia mawili ya vipande vya nguo.

Hakukaa bure. Aliunga vipande vile akashona blanketi. Juu aliweka viraka vya rangi nyingi. Katikati aliweka blanketi kuukuu. Chini aliweka kitambaa cha pamba kiitwacho marekani. Blanketi la viraka lilipendeza, na lilitia joto siku za mvua. Wanawake wengi walimwuliza, "Mama Shamsa, unafanyaje?"

Hanifa akapata wazo. Wengi wa wanawake wale walijifunza kusoma miaka ya nyuma, katika madarasa ya kisomo. Sasa darasa lilikuwa limefungwa. Hawakuwa na kitu cha kusoma, na herufi zilikuwa zinawatoka kichwani. "Nitaandika gazeti la ukutani," alisema. "Watajifunza kushona, na hawatasahau kusoma."

Kila Jumamosi alibandika karatasi moja kubwa kwenye ubao, ukutani mwa duka. Juu aliandika: GAZETI LA VIRAKA. Chini yake alieleza kila kitu kwa herufi ndogo ndogo, ili maneno yote yaenee.

Watu walipita. Wengine walitazama kidogo, wakaenda zao. Toleo la nne liliraruliwa kona na mbuzi, akaitafuna.

"Basi huyo ndiye msomaji wako," Said alisema akicheka.

"Usinicheke, Baba Shamsa."

"Sikucheki. Lakini kwenye ukuta huu ningetundika makoti. Nakupa mpaka mwisho wa mavuno ya mpunga. Kama hakuna anayesoma, ubao unashuka."

Hanifa alikanyaga cherehani kwa nguvu mpaka uzi ukakatika.

Jirani yao alikuwa Elizabeth, karani wa posta huko Kyela mjini. Siku za kazi alikaa mjini, na Ijumaa jioni alirudi kwa mama yake Lyulilo. Jumamosi moja alikuja barazani kushonesha zipu. Hanifa akamweleza shida yake.

"Nimeandika matoleo saba, dada Elizabeth. Hakuna hata mtu mmoja aliyeniambia neno."

Elizabeth alivuta kigoda. "Tukae hapa kidogo," alisema. "Tuwatazame."

Wakawatazama wapita njia. Mama mmoja mwenye kapu kichwani alisimama mbele ya ubao. Alikunja uso, akasogea karibu, akaanza kusoma kwa midomo. Alipofika mstari wa tatu, kapu liliyumba. Akaenda.

"Umeona?" Elizabeth aliuliza. "Yule alitaka kusoma. Amesimama na mzigo, na herufi zako ni kama sisimizi. Andika kubwa. Andika jambo moja tu kwa wiki moja."

"Jambo moja tu? Na mengine?"

"Mengine wiki nyingine. Sasa nikuulize. Ukipata barua inayosema, 'Fanya hivi, fanya vile, kwaheri,' utaijibu?"

"Nitajibu nini? Hajaniuliza kitu."

"Haya! Mimi nimepanga barua za watu miaka kumi na mmoja. Ile inayouliza, 'Je, mtoto amepona?' hujibiwa upesi. Na kadi za salamu za redioni, unajua kwa nini watu huzituma? Wanataka kusikia majina yao. Gazeti lako linasema tu, Mama Shamsa. Halisikii."

Hanifa aliweka mkasi chini. "Karatasi itasikiaje?"

"Uliza swali moja ambalo kila mtu analo jibu lake. Weka kisanduku na penseli. Asiyeweza kuandika, akwambie, wewe umwandikie. Na Jumamosi inayofuata umjibu kwa jina lake, lakini umwombe ruhusa kwanza. Si kila mtu anapenda jina lake likae ukutani."

Wiki hiyo Hanifa aliandika kwa herufi kubwa, za kusomeka hata ukiwa na mzigo kichwani:

KIPANDE GANI CHA NGUO HUWEZI KUKITUPA? KWA NINI?

Chini ya ubao akatundika kisanduku cha majani ya chai, na penseli iliyofungwa kwa uzi.

Jioni alifungua kisanduku. Mlikuwa na karatasi tatu.

Ya kwanza ilitoka kwa mama wa Busale. Alitunza kitambaa alichofungiwa mchele na mama yake siku alipoolewa. Ya pili iliandikwa nusu Kinyakyusa, nusu Kiswahili. Mwandishi alitunza mkono wa shati la kaka yake aliyekwenda kufanya kazi migodini na hajarudi. Ya tatu ilikuwa ya Hezroni, seremala, mtu wa mzaha. Iliandikwa: "Habari za sindano ni za wanawake. Wanaume tusome nini?"

"Huyu ananidhihaki," Hanifa alimwambia Elizabeth.

"Amekuuliza swali. Mjibu kwa heshima, na wewe umwulize lako."

Jumamosi iliyofuata gazeti lilijibu wote watatu. Kwa Hezroni liliandika: "Ndugu Hezroni, ahsante kwa swali. Nyavu zikichanika, hushonwa na nani? Wanaume, tufundisheni fundo lenu."

Wavuvi walicheka mpaka wakashika mbavu. "Hezroni, umepatikana!" Mvuvi mmoja, Ambilikile, alikuja na sindano yake ya mti. Akaonyesha fundo la nyavu mbele ya ubao. Hanifa akalichora. Wiki hiyo kisanduku kilikuwa na majibu kumi na manne.

Watu walianza kuja mapema ili waone kama wamejibiwa. Aliyejua kusoma alimsomea asiyejua. Wengine walisoma herufi moja moja, wakibishana. "Hiyo ni 'kunja'." "Siyo, ni 'kinja'." "Kinja ni nini? Soma tena!"

Kisha ikaja Jumamosi ngumu.

Mama mmoja alishuka kwenye mtumbwi wa Ikombe. Hakubeba chungu. Alibeba furushi. Jina lake lilikuwa Maria, mfinyanzi. Alikuja moja kwa moja barazani.

"Ndaga, mama," Hanifa alimsalimu.

"Ndaga. Wewe ndiye mwenye gazeti?"

"Ndimi."

Maria akafungua furushi. Lilikuwa blanketi la viraka la mtoto mchanga. Viraka vyeupe vilikuwa na madoa mekundu, kana kwamba kuku amechinjiwa juu yake. Upande mmoja ulikuwa umejikunja.

"Nimemshonea mjukuu wangu," Maria alisema. "Mwezi mzima nimeshona. Nilisomewa ulivyoandika, nikafuata neno kwa neno. Nikalifua. Nyekundu ikachuja kwenye nyeupe. Je, nimekosa wapi?"

Watu walikuwa wamekusanyika. Hanifa alilishika blanketi. Alikumbuka toleo lile. Alieleza kukata, kupanga na kuunga. Hakuandika kwamba nguo mpya ifuliwe kwanza. Yeye mwenyewe hufanya hivyo siku zote. Ameizoea kazi ile hata akasahau kuisema.

Alimwomba Maria amwachie blanketi.

Mchana Said alimwita kando. "Andika kitu kingine wiki hii," alimshauri. "Usiguse habari ile. Watu watasahau."

"Na aliyekata khanga nyekundu jana? Naye aharibu lake?"

"Watasema hujui kazi."

Hanifa alilikunja blanketi lile. Jambo hilo ndilo alilokuwa akiliogopa. Kisha akasema, "Maria amenifuata neno kwa neno, Baba Shamsa. Hakuna mtu aliyewahi kunifuata hivyo. Siwezi kumficha."

Akamfuata Maria sokoni. Akamwuliza kama anakubali blanketi lake litundikwe ukutani na jina lake liandikwe. Maria akafikiri. "Kosa ni la nani?" aliuliza.

"Ni langu."

"Basi liandikwe. Na jina langu liandikwe kwamba ndimi niliyeliona."

Gazeti la Jumamosi iliyofuata lilisema hivi:

MIMI HANIFA NILIKOSEA. MARIA WA IKOMBE AMENISAHIHISHA.

Chini yake aliandika kwa maneno machache: "Kabla ya kukata, fua kila nguo mpya peke yake. Suuza mpaka maji yawe meupe. Ukisuuza mara nyingi na maji bado yana rangi, usiunge nguo hiyo na nyeupe. Ianike, ipige pasi, ndipo ukate. Nguo ikitaka kujikunja, ijikunje kabla ya kushonwa." Mwisho aliuliza: "Tumsaidieje Maria?"

Blanketi lilining'inia pembeni, na madoa yake yote.

Hanifa alitegemea masimango. Badala yake baraza lilijaa. Mama wa Ndandalo alisema lake nalo lilichuja, lakini aliona aibu kusema. Mwingine alikiri kwamba alilificha chini ya kitanda. Mmoja alishauri blanketi zima litiwe rangi. Mwingine alisema viraka vyeupe vifumuliwe, viwekwe vya kaniki, ile nguo nyeusi.

"Kaniki!" Maria aliamua. "Nyeusi haiogopi mtu."

Wakakaa wanawake watano, wakafumua na kushona hapo hapo barazani. Kabla mtumbwi wa mwisho haujaondoka, blanketi lilikuwa tayari. Nyekundu ilipokaa kando ya nyeusi ilipendeza zaidi kuliko mwanzo. Maria akalikumbatia. "Ndaga fijo," alishukuru. "Mjukuu wangu atalala na mikono ya watu watano."

Jioni hiyo Hanifa alihesabu karatasi thelathini na moja kisandukuni. Moja haikuwa na jina. Ilijibu swali la kwanza kabisa, lile la kipande kisichotupwa. Iliandikwa:

"Mimi nina pindo la khanga ya marehemu mama yangu. Alikuja nayo kutoka Kilwa. Limo ndani ya mfuko wa kanzu yangu ya Idi. Sijamwambia mtu. Je, kipande kama hicho chaweza kushonwa bila kuharibiwa?"

Hanifa aliitazama ile herufi ya "k", yenye mkia mrefu kama wa mjusi. Aliijua. Mkono ule ndio uliomwandikia barua za uchumba.

Aliikunja karatasi ile, akaitia mfukoni. Jumamosi iliyofuata gazeti lilijibu: "Ndugu usiyetaja jina, ndiyo. Kipande hicho kishonwe kwa mkono, si kwa cherehani, na kiwekwe katikati. Kilete. Kitashikwa kwa heshima."

Jumatatu asubuhi Hanifa alikuta pindo la khanga kuukuu limekunjwa vizuri juu ya cherehani. Said alikuwa ndani ya duka akipanga mashati yaliyokuwa yamekwisha kupangwa.

"Chai iko tayari, Baba Shamsa," Hanifa alisema.

"Nakuja," Said alijibu, bila kugeuka.

Mavuno ya mpunga yakaisha. Asubuhi moja Hanifa alisikia nyundo ukutani. Akatoka mbio. Hezroni alikuwa juu ya ngazi, na Said ameshika ubao mwingine, mpya, mrefu kuliko ule wa zamani.

"Mnafanya nini?"

"Majibu hayaenei," Said alisema. "Wateja wangu wananisumbua. Kila mmoja anauliza, 'Langu liko wapi?' Makoti yatakaa ndani."

Mambo mengine yalibadilika pia. Wanawake kumi na wawili walimwomba mwalimu wa kisomo arudi, na darasa likaanza tena barazani, Jumatano mchana. Maria alikuja kwa mtumbwi kila Jumatano kulihudhuria. Mwanzoni aliandika jina lake tu. Kisha akaandika mstari mmoja, kisha miwili.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa nane, Hanifa hakuandika swali la gazeti. Alimwachia nafasi Maria. Maria alisimama mbele ya watu. Karatasi ilikuwa ya mkono wake mwenyewe. Ilimchukua siku mbili. Aliweka kidole chini ya neno la kwanza, akasoma polepole, na soko zima upande ule likanyamaza:

"Mimi ni Maria. Nafinyanga vyungu. Nilisahau kusoma. Sasa nasoma. Swali langu ni hili. Ulipopika kwenye chungu chako cha kwanza, ulipika nini? Na nani alikula?"

Kabla hajaondoa kidole, watu walianza kujibu kwa vinywa. Samaki! Ndizi! Wali uliotoka uji!

"Andikeni!" Elizabeth alipaza sauti. "Andikeni, msiseme!"

Lakini Hezroni hakuweza kungoja. "Maharage," alisema. "Siku mke wangu alipokwenda kujifungua. Yaliungua yote. Niliyala mimi na mama mkwe wangu, na hakuna aliyethubutu kusema neno."

Maria alicheka mpaka akaketi chini. Kisha akafuta macho, akachukua penseli, akaanza kumwandikia jibu lake.