Jua kwenye Shavu la Chepkorir

Ilianza na picha ya pasipoti. Mwalimu mmoja alikaa kitini ndani ya studio ya Danson pale Kapkatet, pazia jeupe nyuma yake, mlango umefungwa, mvua ikipiga mabati. Danson alipotazama kioo cha kamera aliona mwanga umemwagika kwenye shavu la kushoto la mwalimu, mwanga wa dhahabu, wa saa kumi na moja jioni. Jua lenyewe halikuwa limeonekana tangu asubuhi.

Akapangusa lenzi, akapiga tena. Mwanga ulikuwa palepale, na safari hii kukaja harufu ya nywele zilizoungua. Mwalimu alinusa, akauliza kwa kucheka kama jirani anachoma kichwa cha mbuzi.

Danson hakucheka. Mwanga ule aliujua, maana ndio uliompa jina. Vijana walitoka hadi Londiani kuja kupigwa "picha za jua." Anakusimamisha katikati ya majani chai, jua nyuma ya kichwa chako, anang'oa kile kikombe cha plastiki kinachoikinga lenzi, kisha anaigeuza kidogo kidogo mpaka mwanga uingie kwa upande na kuifubaza picha nzima, ikawa nyeupe kama chai iliyozidishiwa maziwa. Chunusi zinapotea, mikunjo inapotea. Watu waliondoka pale warembo kuliko walivyozaliwa, na Danson, ambaye hakuwahi kuona sifa akaikataa, akaanza kujiona yeye ndiye anayewaumba.

Ndipo siku moja, kabla ya yule mwalimu kuja, mteja mmoja, Priscah, akamleta nyanya yake Chepkorir, ambaye wote walimwita Kogo, yaani bibi. Shavu la kushoto la yule mama lilikuwa kovu tupu, tangu siku alipomtoa Priscah, akiwa mtoto mchanga, kwenye nyumba inayowaka.

"Kijana, nipige tu vile niko," alisema. "Hii ndio mtaweka kwa matanga yangu."

Danson alipiga moja ya kujaribu, safi kabisa, kovu likiwa wazi. Likamkera. Bila kuuliza mtu akamgeuza bibi wa watu, akamwagia jua mpaka nusu ya uso ikayeyuka. Na kama hilo halikutosha, jioni akazihamishia picha zote mbili kwenye simu yake, akazirusha mtandaoni ziwe tangazo: Kabla na Baada. Watu wakacheka wiki nzima. Mmoja wao akamwonyesha Kogo mwenyewe, kwenye kituo cha kuuzia majani chai, mbele ya foleni. Kogo alirudi nyumbani, hakutoka tena, na mwezi haukuisha akazikwa chini ya bango la matanga lenye ile picha ya jua, kilemba na mwanga tu. Danson alilifuta tangazo siku hiyohiyo ya mazishi. Priscah, ambaye hakuwahi kuliona, alipokuwa amekuja kuomba ile picha safi ya kuweka kwenye bango, Danson alimwambia ilipotea. Ilikuwa mfukoni mwake, ndani ya simu, alipokuwa akisema hayo.

Baada ya yule mwalimu, kila aliyepigwa alitoka pichani na shavu la kushoto limefutika, na studio ikawa inanuka moshi hata madirisha yakiwa wazi, na Danson akiinua kamera alisikia mtu anapumua ndani yake, pumzi za kizee, nzito, zikikaribia sikio kila alipokaribia kubonyeza, mpaka akafunga mlango akawaambia wateja kwamba anaumwa, akadhani amekimbia. Asubuhi iliyofuata binti yake Lynn, wa miaka tisa, alikuwa mbele ya kioo akipiga mswaki.

"Baba," alinong'ona, "shavu langu liko wapi?"

Danson alimgusa. Shavu lilikuwepo, la joto, chini ya vidole vyake. Lakini macho hayakuliona, yaliona mwanga. Kufikia saa sita mwanga ulikuwa umefika puani, na mamake, Wanjuhi, alimwita mtoto kwa jina mara mbili kama mtu asiye na hakika.

Walimwita Mama Nyaberi wa Chepilat, mwanamke wa maombi. Alisimama mlangoni, akanusa, akairudisha mkobani chupa yake ya mafuta ya kuombea.

"Roho huyu hakutumwa na mtu," alisema polepole. "Danson, ulimfanyia nini?"

"Nani?"

"Unamjua. Mficha uchi hazai. Mtoto anaenda, na wewe bado unachunga jina lako."

"Nikisema, nitaishi aje hapa Kapkatet?"

"Utaishi na aibu. Wengi wanaishi nayo."

Danson, mkoba wa kamera begani kama kawaida yake, akaenda na Mama Nyaberi kwa Priscah, wakamkuta amejifungua siku tatu zilizopita. Ndani, wazee wa kike walikuwa wakimtafutia mtoto jina la ukoo, wakiwataja marehemu mmoja mmoja, maana mtoto hupiga chafya akisikia jina la yule aliyerudi ndani yake. Walikuwa wamewamaliza wote. Kila walipomtaja Chepkorir, nyumba ilijaa harufu ya nywele zilizoungua na mtoto akalia.

Danson alipiga magoti, akasema yote, tangazo, kicheko, foleni ya majani, uongo. Uso ulimwaka kwa aibu hata akashindwa kuuinua. Akatoa simu, akafungua ile picha safi, akaiweka sakafuni, kovu likitazama juu.

Priscah aliinama akaitazama picha.

"Uliniangalia hivi kwa macho, ukiniambia imepotea."

"Ndiyo."

"Hiyo kovu ni mimi, Danson. Angeniacha ndani, angekuwa na uso wa kukupendeza."

Mzee mmoja wa kike akaiokota simu, akamwonyesha mtoto ile picha, akaita kwa sauti ya chini, "Chepkorir."

Mtoto akapiga chafya. Harufu ya moshi ikatoka chumbani. Dakika hiyohiyo simu ikaita mkononi mwa yule mzee, Wanjuhi akilia: Lynn anaonekana mzima.

Nyumba ililipuka vigelegele. Danson alikuwa akijiinua aende, lakini Priscah akamzuia. Hakuwa anatabasamu.

"Kamera si unayo? Mpige mtoto. Vile ako."

Akaitoa mkobani, akaiinua. Mtoto wa siku tatu, ambaye mikono yake haikuwa hata na mwelekeo, akainua kiganja chake polepole, akafunika shavu la kushoto. Danson akashusha kamera, mkono wa mtoto ukashuka. Akainua, ukapanda. Wanawake wakanyamaza mmoja baada ya mwingine.

"Wacha tu," yule mzee akamwambia. "Anakukumbuka."