Vidonge vya Mama, Gauni la Binti

Mtaa mzima hakuna anayenishinda akili. Darasa la nne nilishika nafasi ya kwanza, hilo halina ubishi, ila muhula ule wenzangu wote walikuwa na surua. Basi nisikilizeni hivyo hivyo.

Jirani yangu ni fundi cherehani. Asubuhi nilikuwa naamshwa na cherehani yake, na nikifungua dirisha namwona ana pini midomoni, anaimba puani. Wimbo huo ulipotea mumewe alipofariki. Mwanamke alilala tu. Hakuoga, hakuchana nywele, cherehani ikajaa vumbi. Daktari akampa vidonge vya ugonjwa wa huzuni, na polepole akaturudia. Akapungua kidogo pia, maana vidonge vya aina ile hukata hamu ya kula.

Binti yake wa pekee, tuliyemwita Kibonge, akaliona hilo. Alikuwa ameposwa, na mama alikuwa akimshonea gauni. Msusi wake, mtu asiyejua hata dawa ya chawa, akamwambia, "Vya mama yako ndivyo vyenyewe, shoga. Utakuwa kama sindano!"

Jamani, angeomba, mama angekataa. Kwa hiyo hakuomba. Alihamishia vidonge mkobani mwake, na ndani ya chupa ya mama akatia vitamini za rangi ile ile.

Gauni likaanza kulegea.

"Mama, bana tena hapa kiunoni."

"Nikibana tena utapumulia wapi, mwanangu?"

"Nitapumua baada ya harusi."

Tulicheka, na mimi nilicheka kuliko wote. Kumbe mtoto hali. Anashindia maji na vidonge, na akiona mwili unachelewa, anaongeza.

Upande wa pili, cherehani ikanyamaza. Fundi akarudi kitandani, gauni likabaki na pini zake. Nikaingia chumbani kwake. "Amka, mwanamke! Hicho kitanda kimekuposa?"

Hakucheka. "Bibi, imerudi. Na dawa nakunywa, siruki. Labda mimi ndiye wa kufa na huzuni hii."

Binti alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia yote, akatazama sakafu, akaondoka. Nikadhani ni huruma.

Harusi ilipokaribia, alilivaa gauni lile la pini mbele ya kioo. Degedege likamwangusha hapo hapo, macho yamegeuka, meno yamekamata ulimi. Mama alisikia kishindo kutoka chumba cha pili. Aliniambia baadaye kwamba mwili ulikataa kuinuka. Alibaki akimwita mwanawe kutoka kitandani, mpaka sauti ikanifikia mimi.

Funzo

Nalitia hapa kabla ya mwisho, maana nikifika mwisho karatasi italowa. Dawa ya huzuni ni ya mgonjwa wa huzuni, kwa kipimo alichopewa na daktari. Haikutengenezwa kwa ajili ya viuno. Ukiimeza na njaa, tena ukaiongeza kwa kichwa chako, inaweza kukuangusha kama huyu. Na ukimwibia mgonjwa dawa yake, umemwibia asubuhi zake. Mabinti, yule kijana alimposa Kibonge na ubonge wake wote, hakumwomba apunguze hata kidole.

Hospitalini binti alizinduka, ulimi umevimba. Mama tulimfikisha tumemshika huku na huku.

"Umekuwa ukimeza dawa gani?" daktari akamuuliza binti.

"Vitamini tu."

"Hakuna nyingine?"

"Hakuna. Muulize mama."

"Mwanangu hasemi uongo, daktari," fundi akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mtoto. "Anayemeza dawa ni mimi, na hazinisaidii tena. Hebu niangalizie, labda zimeharibika."

Akatoa chupa kifuani. Daktari akamimina vidonge kiganjani, akavigeuzageuza, akamtazama binti.

"Mama," akasema taratibu, "vitamini ni hizi hapa."

Kibonge akavuta shuka, akajifunika uso.