Vigingi Vilivyosogea

"Usinisukume!" Herieth alifoka.

"Nani amekusukuma?" Dastan, mwanafunzi mwenzake, akajibu. "Nimesema tu vigingi havina miguu. Na magimbi yanayokatwa na njia ni ya bibi yako, si ya bibi yangu."

"Kwa hiyo mimi ndiye mwizi wa vigingi?"

"Mimi nimetaja magimbi. Wizi umeutaja wewe."

Watu wazima waliosimama na majembe yao walicheka kidogo, kisha wakanyamaza haraka kama watu waliojisahau msibani. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, siku ya Alhamisi. Ukungu ulikuwa umejaza bonde lote, na mto ulisikika bila kuonekana.

Kwa miezi miwili wakazi wa mtaa huo wa Mbinga mjini walikuwa wakichonga njia ya miguu kando ya mto, kutoka sokoni hadi shuleni. Walitaka watoto waache kupita barabarani pamoja na malori ya kahawa na bodaboda. Saa moja asubuhi hiyo wanafunzi wangeitumia kwa mara ya kwanza. Lakini tangu Jumatatu, vigingi sita vilivyoonyesha ukingo wa njia vilikuwa vikisogea. Kila kukicha vilikutwa karibu zaidi na maji. Hakuna aliyeuona mkono uliovigusa.

"Mwacheni mtoto," alisema Mzee Bernadi kwa sauti ya chini. "Zamani kuna mtu alizama hapa, hakupatikana. Ndiye anayevivuta."

Herieth peke yake alijua jambo moja: Jumatatu, akitoka shule, aling'oa vigingi viwili vilivyopita katikati ya magimbi ya bibi yake, Tadea, akavichomeka pembeni. Viwili tu. Kesho yake akakuta cha tatu kimesogea, kisha cha nne, cha tano na cha sita. Ilikuwa kama kuna kitu kilichomtazama akifanya, kikajifunza.

Mama yake, Theresia, alitokea kwenye ukungu akiwa amevaa mabuti. Ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya njia, na hakuwa mtu wa kuzungusha maneno.

"Shikamoo, Mzee Bernadi."

"Marahaba, mwanangu."

"Marehemu tutamwombea Jumapili kanisani. Leo watoto wanapita. Fundi Nicholaus, rudisha vigingi vyote sita tumalize kazi."

Fundi Nicholaus akainua nyundo. Herieth angeweza kunyamaza, na jambo lingeishia hapo. Lakini chini ya miguu yake alisikia sauti, glu, glu, kama mtu anayemeza maji gizani. Dastan naye alitazama chini. Uso wake ulibadilika.

"Mama," Herieth alisema, "ni mimi. Lakini viwili tu."

Watu wote waligeuka.

"Viwili vipi?" mama yake akauliza.

"Vya kwenye magimbi ya bibi. Hivi vinne sijavigusa. Naapa, mama."

"Usiape. Nionyeshe."

Walikwenda hadi kwenye magimbi. Palikuwa na matundu mawili yaliyojaa maji, na vigingi vyake hatua moja pembeni. Mama Herieth aliyatazama, akarudi kwenye vile vinne, akapiga magoti. Alipapasa udongo nyuma ya kila kigingi.

"Kigingi kikihamishwa huacha tundu," alisema. "Matundu ya hivi yako wapi?"

Hapakuwa na tundu hata moja. Nyasi zilikuwa zimekizunguka kila kigingi bila kuvurugwa. Kati ya cha tatu na cha nne utando wa buibui ulikuwa mzima, umejaa matone ya ukungu.

"Havikuhamishwa," Fundi Nicholaus alisema polepole. "Ardhi yenyewe ndiyo inayotembea."

Ukungu ulipanda kidogo. Ndipo walipoiona mikaratusi ya juu ya njia. Yote ilikuwa imeinama kuelekea mtoni, kama watu wanaochungulia kaburi. Nyuma ya benchi jipya la kupumzikia kulikuwa na ufa mrefu, mweusi, unaoweza kumeza mkono hadi begani.

Mteremko ule ulikuwa shamba la zamani la ngolo, yale mashimo ambayo Wamatengo huyapanga milimani ili maji ya mvua yatulie ndani yake, yasibebe udongo. Mwezi uliopita kamati iliyafukia yote ili benchi likae mahali pazuri. Udongo ule laini ulikuwa umekunywa mvua ya wiki nzima.

"Wamatengo wazima, tumefukia ngolo!" Mzee Bernadi alishika kichwa. "Halafu nikamsingizia marehemu."

Benchi lilitoa mlio, likazama upande mmoja, likateleza taratibu hadi katikati ya njia. Kutoka upande wa sokoni zikasikika sauti za wanafunzi wakija wanaimba.

"Dastan, kimbia! Wazuie!" Mama Herieth alipaza sauti, na Dastan akatoweka kwenye ukungu.

Kisha mama akamshika Herieth bega.

"Umekosa, na adhabu yako iko palepale. Lakini sikiliza. Ungenyamaza, tungepigilia vigingi na kupitisha watoto hapa. Ungekubali vyote sita, tungekugombeza wewe na bado tungewapitisha. Ukweli haupunguzwi wala hauongezwi. Uliposema viwili, tukaenda kuvitafuta vile vinne."

Akawageukia watu. "Njia imefungwa sasa hivi. Fundi, funga kamba huku na kule. Wazazi wanne wawapeleke watoto kupitia barabarani, wawili mbele, wawili nyuma. Sisi wengine tunaanza ngolo juu ya ufa, penye ardhi ngumu. Wanaume kateni nyasi, wanawake majembe. Mzee Bernadi, utatupangia mistari."

Nyengo za kukatia nyasi zilianza kulia kabla hajamaliza kusema.

Herieth hakusubiri kutumwa. Alikwenda kwenye magimbi, akang'oa vigingi vyake, akavirudisha kwenye matundu ya kwanza. Ilimbidi ayang'oe mashina matatu ya magimbi ili kigingi kikae sawa. Akaokota jiwe, akaanza kugonga.

"Vingapi?" mama yake akauliza kutoka juu.

"Viwili, mama!"

"Haya. Ukimaliza, jembe lako liko hapa."