Ng'ambo ya Kijito

Mvua ilinyesha mbali, juu mlimani, wala wao hawakuisikia. Fundi saa alikuwa amepiga magoti nyuma ya jiwe, fimbo yake nyembamba ya kuvulia mkononi, akimvizia samaki trauti kivulini, alipoona maji yamegeuka rangi ya udongo.

"Wifi, toka majini! Toka sasa hivi!"

Wifi yake, mpishi wa shule, dada wa mumewe, aligeuka, akateleza, akatumbukia mzima mzima. Fundi alimdaka ukosi wa blauzi akamburuta hadi chini ya mwamba uliojitokeza. Walipotazama nyuma, kijito walichokuwa wakikivuka bila kulowa magoti kilikuwa kinasukuma magogo. Njia ya kurudi ilikuwa ng'ambo.

Hilo ndilo kosa la wavuvi wa vijito. Macho yote kwa samaki: unavuka huku, unavuka kule, unafuata kivuli, wala hujiulizi umesimama upande gani. Kosa la pili lilikuwa la fundi peke yake. Asubuhi alimvua wifi yake koti zito akaliacha garini. "Uvuvi huu ni wa wepesi, bwana. Hatuhamii huko." Aliringia kimkoba chake cha kiganjani, chenye ndoano na mshipi tu. Sasa alikiona kitu cha kipuuzi kabisa.

"Tuvuke," mpishi alisema, meno yakigongana. "Hapa nitaganda."

"Ukivuka utazama."

"Na nikibaki?"

Fundi alichomeka kijiti pale maji yalipoishia. "Kijito kidogo hupanda upesi, hushuka upesi. Maji yakikiacha kijiti, tunavuka. Kabla ya hapo sikuachii."

Alimvua nguo zilizolowa, akamvika shati lake kavu, akalijaza majani makavu yaliyorundikana chini ya mwamba, kisha akamkumbatia.

"Yananiwasha."

"Ukiwashwa, uko hai."

Baadaye mpishi aliacha kutetemeka. Kichwa kikamlegea. Hapo fundi aliogopa kweli, maana mwili uliopoa ukiacha kutetemeka unakaribia kufa.

"Wifi! Maharage ya shule unayapikaje? Unaanza na chumvi, sivyo?"

Fundi alimtikisa bega.

"Mimi hutia chumvi mwanzoni kabisa. Nyingi."

Jicho moja likafunguka. "Mwanzoni?" Ulimi ulikuwa mzito. "Ndiyo maana... kaka yangu amekonda."

Fundi alizidi kumchokoza. Alimuuliza habari za vitunguu, za kuni mbichi, akijijibu ovyo makusudi, na mpishi, kwa hasira ya kazi yake, akaendelea kumsahihisha mpaka kutetemeka kukarudi. Jua lilikuwa limeinama maji yalipokiacha kijiti. Walivuka wameshikana mikono, hatua kwa hatua, maji yakiwapiga mapajani, hadi wakafika garini.

"Ningekufa," mpishi alisema, "kaka yangu angekusamehe. Mimi nisingekusamehe ng'o."

Fundi alicheka, na kicheko kikageuka kilio. Alikaa kwenye matope. "Nisamehe, wifi yangu. Nisamehe."

"Nimesema ningekufa. Sijafa. Inuka, washa gari."